Mega Kumi na Saba

9 Januari

Mdogo wangu Fyuzi,

Hatujambo, kwa kadiri watu wawili wanavyoweza kuwa hawajambo katika nyumba ya vyumba vitano. Mama goti la kushoto linamsumbua akiinuka, la kulia akikaa, kwa hiyo siku yake ana shughuli ya kutosha. Bati la jikoni limeacha kuvuja baada ya mimi mwenyewe kupanda na kopo la lami. Jirani wa gereji amenunua honi mpya na anaijaribu kwenye kila gari linalotoka kwake. Wewe tunakisia u mzima, maana habari mbaya hazisubiri stempu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zangu huzipokei. Tangu tumzike Baba mwezi wa Novemba nimekupigia mara kumi na nne. Barua haikatwi ikiita.

Jambo lenyewe ni mtandao wa hapa nyumbani. Unajua niliacha kuchapa pale dukani kwenye mashine za fotokopi. Tangu Desemba nafanya kazi ya mahakama nikiwa hapa hapa. Wananitumia video ya kikao, nasikiliza, naandika kila neno, kisha nairudisha video ikiwa na maandishi chini yake. Kazi hii nimeipata kwa vidole vyangu kumi, ambavyo hakuna aliyevilipia darasa. Sasa sikiliza hesabu. Video moja ni giga moja na nusu. Mkataba wa laini unasema mega ishirini kwa sekunde, kwenda na kurudi, nazo ni mega za biti, nane ndizo hufanya mega moja ya video. Kwa mega ishirini video inatoka kwa dakika kumi. Kwangu inatoka kwa saa moja na dakika saba. Nimekokotoa kinyumenyume: napata mega tatu. Kwa siku natakiwa kurudisha sita, yaani saa sita na dakika arubaini na mbili za kutazama mstari ukitambaa, na muda huo wote hata ukurasa wa kamusi unafunguka nusu, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

Msimamizi wangu amenipa hadi tarehe thelathini Aprili nimwonyeshe kwamba naweza kurudisha sita kwa siku bila kuchelewa. Nikishindwa nihamie ofisini kwao, mwendo wa saa tisa kwa basi. Mama amesema nyumba hii atatoka kwa kubebwa. Kwa hiyo jumla ni nyepesi: laini isipopona, Mama anabaki peke yake.

Ruta uliifunga wewe, neno lake la siri unalo wewe, na mitandao ndiyo inayokulisha. Niambie nifanye nini.

Dada yako.


2 Februari

Shikamoo, Dada.

Barua yako ilikuwa njiani siku kumi na mbili. Siku nyingine kumi na mbili nimezila mimi. Samahani. Huku ni baridi na kazi ni nyingi, tunabadilisha nyaya za jengo la ghorofa saba na lifti imekufa, kwa hiyo mapaja yangu yako kama ya mcheza mpira. Mwambie Mama asipige magoti kufagia.

Laini kuwa nzito kuna sababu nyingi na fundi hakisii. Zima ruta, hesabu hadi sitini, iwashe. Kama bado iko pale jikoni juu ya friji, ishushe, iweke sebuleni mahali pa wazi. Friji na ukuta wa zege vinakula waifai. Kisha achana na waifai kabisa, chomeka waya kutoka ruta hadi kompyuta yako, upime hivyo. Pima asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba, kwa sababu watu wa mtaa wakirudi kazini wote huvuta kwenye bomba moja. Ikikataa, ita fundi wa kampuni apime pale laini inapotokea ukutani, kabla haijaingia kwenye ruta. Hapo utajua ugonjwa uko nje au ndani.

Usiingie kwenye ukurasa wa mipangilio. Kuna mambo niliyapanga humo, ukigusa moja unaangusha jingine.

Halafu swali dogo, wala halihusiani sana. Saa kumi alasiri huwa mnafanya nini hapo nyumbani?

Mdogo wako.


24 Februari

Marahaba, Fyuzi.

Mama anasema asante kwa ushauri wa magoti, na anauliza nani afagie. Hajambo, ila amepungua. Nimempima kwenye mizani ya Baba ya kazini, ile aliyopewa alipostaafu: kilo hamsini na moja. Desemba alikuwa hamsini na nne.

Nimefanya yote. Ruta nimeizima, nikahesabu hadi sitini, nikaongeza thelathini za bahati. Nimeishusha. Nimechomeka waya. Nimepima mara ishirini na moja kwa siku saba. Ndogo kuliko zote ni mbili nukta tisa, kubwa kuliko zote ni tatu nukta moja. Asubuhi tatu, usiku tatu, Jumapili tatu. Sikusoma mambo ya nyaya, lakini mimi pia ni mtoto wa mkaguzi wa mizani. Msongamano hupanda na kushuka. Kitu kilichonyooka namna hii kimekatwa na mtu kwa rula.

Fundi wa kampuni alikuja juzi, kijana mwenye ngazi ndefu kuliko maneno yake. Akachomeka kompyuta yake ukutani, akaniambia: "Mama, laini yenu nzima. Ishirini kasoro kidogo."

"Mbona kwangu tatu?"

"Basi zinaishia kwenye ruta. Nani kaipanga?"

"Ndugu yangu."

"Muulize ndugu yako. Mimi neno la siri sina. Naweza kubonyeza kwa pini kitundu cha hapo nyuma ikasahau kila kitu, lakini itasahau na laini yetu pia, na zamu yangu ya kurudi huku ni baada ya wiki tatu."

Nikamwambia aiache. Akatoa simu yake aone angalau ni vifaa gani vinavuta. Akasoma vinne. Kompyuta yangu, simu yangu, televisheni. Cha nne kimeandikwa MIZANI.

"Mizani ni nani?"

"Ni baba yangu. Ndivyo walivyomwita wauza nyama wote wa soko, wakimwona anakuja."

"Yuko chumba gani nikaone kifaa chake?"

Nikamwambia alifariki Novemba. Akatazama simu yake, akanitazama mimi, akasema, "Sasa hivi yuko hewani." Ilikuwa saa kumi na dakika sita. Maji niliyomletea hakuyanywa.

Umeniuliza saa kumi tunafanya nini. Mimi nachapa. Mama huwa amejifungia chumbani kwa Baba akikunja nguo zake. Ni mashati tisa na suruali nne. Sijui zinakunjwaje kila siku kwa dakika arubaini, na sijamwingilia. Mtu ana haki ya kulia akiwa amefunga mlango. Lakini wewe uko ng'ambo. Umejuaje kuuliza saa kumi?

Dada yako.


22 Machi

Shikamoo, Dada.

Hatujambo huku. Lifti imetengenezwa.

Ruta hukumbuka majina ya vifaa vya zamani, huenda fundi wenu hakuelewa alichokiona. Usibonyeze kwa ile pini. Nakuomba, hilo usilifanye. Nitalishughulikia nikipata nafasi, wiki hizi mbili tatu nimebanwa.

Kishikwambi cha Baba kiko wapi? Kama kiko kabatini, niandikie tu kwamba kiko kabatini.

Mdogo wako.


5 Aprili

Fyuzi,

Kuhusu kuwa wazima tuache kwanza. Kilo hamsini.

Hakiko kabatini. Siku barua yako ilipofika nilisubiri saa kumi, nikafungua mlango bila kubisha. Mama amekaa kwenye kiti cha Baba. Kishikwambi kimeegemezwa kwenye mto, kitandani, pale pale Baba alipokuwa akikiegemeza alipokuwa mgonjwa. Kimewaka. Ndani yake kuna uso wa Mama, mdogo, unamtazama. Amevaa kitambaa chake kizuri.

"Funga mlango," akaniambia. "Mwanga unaingia, hataniona vizuri."

"Nani, Mama?"

"Ndugu yako. Huu ndio wakati wake wa kupiga."

Nikamwambia kwamba hujapiga tangu mwezi wa Oktoba. Akasema anajua, yeye si mtoto. Nikamuuliza basi anakaa hapo kwa nini. Akasema, "Baba yako aliniagiza. Alisema hiki kioo kisifungwe saa kumi, mtoto asije akapiga akakuta kumefungwa. Hakusema hadi lini. Ungekuwa wewe ungekifunga lini?"

Nikaufunga mlango. Nikakaa naye. Saa kumi na moja kasoro robo akakifunga, akakunja lile shati la juu, akalirudisha. Ni hilo moja tu hukunja.

Sasa nakuja kwako. Mama anawasha kishikwambi, sawa, jina MIZANI nimelielewa. Lakini kioo kinachosubiri simu hakivuti mega kumi na saba. Na usiku kimezimwa bado napata tatu. Ishirini kutoa tatu ni kumi na saba, na kumi na saba hazipotei hewani kama moshi. Mtu kazitenga. Mimi siwezi, Mama hawezi, Baba alikuwa anawasha kwa kidole cha gumba na kuomba radhi. Umebaki wewe.

Baba alikungoja. Hili sikukwambia ulipokuja, kwa sababu ulikuja siku ya tatu baada ya mazishi, ukakaa saa thelathini na moja, ukaondoka, na mimi nilikuwa nahesabu sahani za watu. Alikungoja siku kumi na tisa mfululizo, amenyolewa ndevu. Mimi ndiye niliyekuwa namnyoa. Sikuulizi kwa nini hukupiga. Nakuuliza neno la siri.

Leo hadi tarehe thelathini ni siku ishirini na tano. Barua hii siku kumi na mbili, yako siku kumi na mbili. Inabaki siku moja, hiyo ni yako ya kufikiri. Barua isipofika, tarehe thelathini nachukua pini. Kazi ikifa na ife, nitapanda basi nimwache Mama na kioo chake, lakini aliye kwenye laini yangu atakuwa ametoka.

Dada yako.


18 Aprili

Shikamoo, Dada.

Barua imefika jana. Siku yangu moja nimeitumia.

Nilizitenga mimi. Baba alipolala kitandani mwezi wa Septemba, picha ilikuwa inakatika. Namwona mdomo umebaki wazi, sauti inakuja baadaye, halafu anaganda. Nilikuwa siwezi kumwona ameganda. Nikaingia kwenye ruta nikiwa huku, nikaandika kanuni: kumi na saba za Mizani peke yake, awe anazitumia au hazitumii, na nyingine zote nyumbani mgawane tatu. Wewe wakati huo ulikuwa unachapa dukani, sikuona kama nakunyima kitu. Tangu hapo picha haikukatika tena. Nilikuwa naona hadi mishipa ya kope zake.

Na hapo ndipo aliponiambia. Alitaka nije. Nikasema likizo yangu ni Desemba. Akasema taratibu, bila hasira: "Nimewapeleka wauza nyama mahakamani kwa upungufu mdogo kuliko wako." Unamjua alivyokuwa akisema. Laini ilikuwa safi mno, hakuna neno lililopotea njiani. Nikakata.

Sikupiga tena. Lakini ukurasa wa ruta nilikuwa naufungua kazini, kwenye kona ya kompyuta. Kila kifaa kina mstari wake, kikiwashwa mstari unageuka kijani. Saa kumi zenu na dakika moja, MIZANI kijani. Najua ananisubiri, naye hajui kwamba namwona. Nikawa nasema moyoni, na asubiri kidogo, nami nilisubiri ujana wangu wote aniambie nimefanya vizuri. Siku ya kumi na tisa alinipigia mwenyewe. Iliita. Niliitazama ikiita hadi ikachoka. Mstari ukabaki kijani dakika arubaini na nne, kisha ukazimika. Asubuhi yake ukanipigia wewe.

Niliporudi huku kutoka kwenye msiba niliingia kuifuta ile kanuni. Niliifungua, kidole kiko juu ya kitufe, ikafika saa kumi zenu. Mstari ukageuka kijani.

Dada, mimi ni fundi. Nilijua kuna mkono wa mtu unaowasha. Lakini sikuuliza mkono wa nani, kwa sababu nikishauliza ungekuwa na jina, na jina hilo si lake. Nimejaribu kuifuta mara kumi na moja. Barua yako ya kwanza nilikaa nayo siku kumi na mbili nikijua dawa yake ni dakika mbili. Nikakutuma kuhamisha friji. Nisamehe au usinisamehe, andika tu kwamba umesoma.

Neno la siri liko kwenye karatasi niliyoikunja ndani ya hii. Ukurasa wenyewe una sehemu imeandikwa vipaumbele. Mstari wa kwanza ndio wake. Futa wewe.

Jambo moja la mwisho sielewi. Siku ya mazishi nilikuwa njiani, nimekwama uwanja wa ndege, nikafungua ukurasa kwenye simu. Saa kumi na dakika moja ulikuwa kijani. Nani alibaki nyumbani?

Mdogo wako.


1 Mei

Fyuzi,

Nimesoma.

Barua yako ilinifikia jana tarehe thelathini, saa nne asubuhi. Pini nilikuwa nimeshaiweka mezani. Niliingia, nikaona mistari minne, nikaona vipaumbele, nikaona kumi na saba. Nilifuta. Haikuchukua dakika mbili, ilichukua sekunde kama tisa, nane kati yake nikiwa namtazama Mama kupitia mlango akichambua mchele. Nikapima: kumi na tisa nukta sita. Nikapakia video sita, moja baada ya nyingine, dakika sitini na moja zote. Msimamizi amenijibu maneno mawili: "Zimefika zote." Kwa hiyo sihami. Mama ana mtu ndani ya nyumba. Hilo lilikuwa langu na limekwisha.

Umeomba msamaha. Mimi kwa miezi minne nililala nikihesabu saa tisa za basi na kilo za Mama, na wewe ulikuwa na dawa mfukoni. Msamaha wako nimeupokea, bado naupima.

Umeuliza siku ya mazishi. Nimefikiri sana kama nikujibu. Nyumba ilifungwa kuanzia saa saba. Ufunguo ulikuwa mmoja na ulikuwa kwenye mkoba wangu. Saa kumi na dakika moja tulikuwa bado makaburini, Mama ameshika mkono wangu wa kulia, naukumbuka kwa sababu pete yake ilikuwa inanikata. Hakuna aliyebaki. Nimewahesabu wote waliokuwapo, mara tatu, kwa majina. Labda kilijiwasha. Vifaa hujiwasha, wewe ndiye fundi. Mama sijamuuliza na sitamuuliza.

Jana saa kumi aliingia kama kawaida. Nilimwambia laini imepona. Akasema, "Basi atasikika vizuri." Sikumwambia kwamba tangu Novemba ulikuwa unamwona. Angekusamehe papo hapo, na hilo sikutaka ulipate kwa bei hiyo.

Nimefanya jambo moja zaidi, na nakutaarifu tu. Neno la siri la ruta nimelibadilisha. Ukurasa wako hautafunguka tena, huenda umeshajaribu. Hakuna mstari wa kijani tena, hakuna kumtazama mtu akikungoja bila yeye kujua. Ukitaka kujua saa kumi kama kioo kimewashwa, iko njia moja tu iliyobaki, na Mama atapokea mwenyewe.

Dada yako.